Paa la Nkhokwe: Tarehe ya Ghala la Nyasi katika Uwanda wa Lilongwe

Mtu atokaye mjini Lilongwe kwa njia kuu ya kaskazini, ile iendayo Dowa na Kasungu hata Mzuzu, hufika Kanengo kabla hajaanza kuyaona mashamba, na hapo Kanengo, kati ya viwanda na mabohari na malori yasiyokoma kupita, huiona minara mirefu ya nafaka, iliyojengwa ili iweze kuhifadhi takriban tani 180,000 za mahindi, na si mbali na minara hiyo huyaona majumba mapana ya mnada ambamo tumbaku ya mkoa wa kati imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 1979. Aghalabu wasimuliao habari za mtaa huu huanza na minara hiyo na mnada huo, kana kwamba kabla yake hapakuwa na ghala wala akiba katika uwanda wote. Nia yangu ni kuanza nyuma zaidi, kwenye ghala la miti na nyasi ambalo Wachewa huliita nkhokwe, na kwenye mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku, yaliyoezekwa kwa nyasi zile zile, kwa kuwa nasadiki ya kwamba maghala hayo, ambayo hayatiwi katika hesabu ya majengo ya kale, yana ukale upitao ukale wa kila jengo lisimamalo leo Lilongwe.

Msomaji ana haki ya kuuliza, itakuwaje jengo liitwe la kale ilhali nyasi za juu yake hazijatimiza miaka mitatu, na fito zake zimekatwa juzi? Jawabu ni kwamba katika jengo la nyasi ukale haumo katika vitu, umo katika kazi. Nyumba ya mawe ya Lamu au ya Zanzibari hudumu kwa sababu jiwe lililowekwa na fundi wa karne ya 18 lingali pale pale lilipowekwa. Nkhokwe hudumu kwa sababu kila kizazi kimeiezua na kuiezeka tena kwa namna ile ile, hata ikawa umbo limekuwapo muda wote ingawa hakuna unyasi mmoja uliokaa. Kwa hiyo asemaye kwamba anataka kulihifadhi ghala la namna hii, huku akikataza lisiguswe, ameliua kwa mapenzi yake mwenyewe, maana baada ya masika matatu au manne litakuwa limekwisha kuoza na kuanguka.

Uwanda wa Lilongwe umeinuka kiasi cha mita 1,000 na ushei juu ya usawa wa bahari, una udongo mzuri mwekundu, na mwaka wake umegawanyika mara mbili bila ya shaka yoyote: tangu Novemba hata Aprili mvua hunyesha, na tangu Mei hata Oktoba mbingu hufunga. Mgawanyo huo ndio uliozaa ghala. Mahali ambapo ndizi na muhogo hupatikana mwaka mzima mtu huweza kuishi akiba yake ikiwa ingali ardhini, lakini mahali ambapo chakula chote cha mwaka huvunwa katika majuma machache, kuishi ni kuhifadhi, na mwenye kujua kuhifadhi ndiye mwenye kujua kuishi. Nafaka ya kwanza iliyowekwa katika maghala haya haikuwa mahindi, bali ulezi na mtama. Mahindi yalitoka Amerika, yakaletwa na Wareno pwani zetu, yakapanda bara pole pole, na katika karne ya 19 na ya 20 ndipo yalipoishika nchi hii hata watu wake wakawa hawahesabu kuwa wamekula ikiwa hawakula sima ya mahindi. Ghala halikukataa mgeni huyo. Lilipanuka tu, kwa kuwa gunzi la mahindi lataka nafasi zaidi kuliko suke la ulezi, nalo lataka upepo upite.

Watu wa pwani yetu pia wamo katika habari hii, wala si vema kuwasahau. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, ambaye yeye na waliomfuata walijulikana kwa cheo cha Jumbe, alijenga maskani yake Nkhotakota, ukingoni mwa Ziwa Malawi, kaskazini-mashariki ya uwanda huu, na David Livingstone alipofika huko mwaka 1861, na tena mwaka 1863, aliukuta mji wenye biashara na majahazi. Majahazi hayo yalivusha pembe za ndovu, na yalivusha wanadamu waliotiwa utumwani. Insafu yatulazimisha kulisema hilo waziwazi, sisi tulioirithi lugha iliyosemwa na wafanya biashara hao. Pamoja na dhuluma hiyo waliacha nyuma yao kilimo cha mpunga, na Uislamu, na desturi ya nyumba ya pembe nne yenye baraza. Walakini ghala halikufuata mtindo wa pembe nne. Nyumba za watu zilibadilika umbo katika nchi nzima, duara likaacha nafasi kwa mraba, na nkhokwe ikabaki duara vile vile, kwa sababu fundi aliyesuka ghala alijua jambo ambalo hakuna mtindo ungeweza kulibatilisha, ya kwamba nafaka husukuma kuta kwa nguvu sawa pande zote, na pembe ndipo mahali pa kwanza kupasuka.

Sasa na tulitazame lenyewe. Kwanza kuna uchaga, yaani jukwaa la miti lililosimamishwa juu ya nguzo fupi au juu ya mawe, ili unyevu wa ardhi usipande na mchwa wasipate njia iliyofichika, na juu ya nguzo huwekwa kizuizi cha kuwapinga panya. Juu ya uchaga hukaa tenga kubwa, refu kuliko mtu, lililosukwa kwa mianzi iliyopasuliwa au kwa matawi membamba yanayopindika. Wenye kuhifadhi mahindi yaliyo katika magunzi aghalabu huliacha bila ya kulikandika udongo, upepo wa kipupwe upenye kati ya masuko na kuyamalizia mahindi kukauka, na wenye kuhifadhi punje hulikandika ndani na nje. Kisha juu ya yote huja paa, lenye umbo la pia iliyopinduliwa, linalofumwa chini ardhini na kuinuliwa na watu kadhaa kwa pamoja. Paa hili halifungwi daima. Limetua juu ya tenga kwa uzito wake na kwa kamba chache, ili mama mwenye ghala aweze kuliinua upande mmoja, akaliegemeza kwa mti wenye panda, akapanda ngazi na kutoa kile anachokihitaji.

Nimesema mama mwenye ghala, na hilo nimelisema kwa makusudi. Wachewa huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa ada yao ya chikamwini mume huhamia kijijini kwa mke wake, akafanya kazi machoni pa wakwe ambao wana haki ya kumpima. Kusuka tenga na kuezeka ni kazi ya wanaume. Kukipima chakula, kuamua kipi kiliwe mwezi huu na kipi kingoje, kujua mbegu imewekwa wapi, ni milki ya mwanamke. Hivyo basi jengo hili dogo lilikuwa na walinzi wawili, mmoja wa paa na mmoja wa akiba, na kila mmoja alikuwa mdai wa mwenziwe: mke aliweza kudai paa lisilovuja, na mume aliweza kudai hesabu iliyo sawa. Sijaona katika nchi hii mkataba ulioandikwa kwa wino ulioeleweka na pande zote mbili kuliko huo.

Nyasi zipendwazo ni zile ndefu zenye bua gumu ambazo wenyeji huziita tsekera. Hukatwa baada ya kukomaa na kukauka, tangu Juni na kuendelea, wala hazikatwi mbichi, maana unyasi mbichi hunywea baada ya kufungwa na kuacha mianya. Zikishakatwa huchambuliwa, majani laini yakatupwa yakabaki mabua, kwa kuwa jani laini ndilo linalohifadhi maji na ndilo linaloanza kuoza. Kamba ilikuwa ni gome la miti ya miombo, lililobanduliwa na kulowekwa. Mwinamo wa paa hauna budi uwe mkali, nyuzi 45 au zaidi, kwani paa la nyasi halizuii maji kwa kuyakataa kama bati, lakini huyaongoza: tone hushuka kutoka bua hadi bua, likifuata mteremko, likafika mchilizini kabla halijapata wasaa wa kuzama. Punguza mwinamo, nalo tone hukaa, likikaa huzama, na likizama, mahindi yaliyo chini huota ukungu mwezi wa Februari, mwezi ambao hakuna mengine.

Na hapa pana ukatili fulani wa majira ambao wapaswa kutajwa. Mavuno huingia ghalani wakati wa kiangazi, ghala likijaa pomoni na paa likiwa halina kazi ila kuzuia jua. Mtu aweza hata kuchelewesha kuezeka mpaka Oktoba asipate hasara. Lakini kadiri mvua zinavyozidi, ndivyo akiba inavyopungua, hata ifikapo Januari na Februari na Machi, miezi ya njaa katika nchi hii, paa hunyeshewa kwa nguvu zake zote juu ya kile kidogo kilichobaki. Wahenga wetu wamesema akiba haiozi. Waliosema hivyo walikuwa na mapaa yaliyoezekwa vema.

Palikuwa na ghala la pili, ambalo si la chakula, nalo lilikula nyasi kuliko la kwanza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia walowezi wa Kizungu walianza kulima na kununua tumbaku katika uwanda wa Lilongwe, na wakulima Waafrika wakaingia katika kilimo hicho kwa wingi kiasi ambacho serikali ya Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati wa ukoloni, iliunda, mwaka 1926, bodi ya kuisimamia tumbaku ya wenyeji. Tumbaku ya awali iliyoenea kwa Waafrika ilikaushwa kwa moshi: moto uliwashwa sakafuni ndani ya bani, majani yakining'inia juu yake kwa safu, na paa la nyasi likiwa juu ya yote hayo, hata ikawa kila msimu mwenye bani alihatarisha mavuno ya mwaka mzima kwa cheche moja. Aina ya bali, iliyokuja kuitawala nchi baadaye, haikutaka moto. Ilitaka kivuli na upepo kwa muda wa majuma sita hata manane, basi bani lake likawa na nguzo na paa tu, bila ya kuta za maana, na ubora wa jani ukategemea ubora wa kuezeka, kwani jua likipenya jani hubaki na rangi ya kijani isiyo na bei, na mvua ikipenya jani huoza.

Sheria ya mwaka 1964 iliwahifadhia wenye mashamba makubwa haki ya kulima bali, na ilipofika mwaka 1990 ndipo wakulima wadogo walipoanza kuruhusiwa. Fikiri basi ni mabani mangapi yaliyosimamishwa katika miaka iliyofuata, kila moja likitaka miti ya nguzo, na fito, na mizigo ya nyasi, na kila paa likitaka kufanywa upya baada ya misimu michache. Wenye kuandika habari za tumbaku wameeleza sana jinsi ilivyoimaliza misitu kwa kuni na miti ya kujengea. Hawakueleza vya kutosha jinsi ilivyoyageuza majani ya porini kuwa bidhaa. Mbuga ambayo jana kila mtu alikata tsekera bure, leo imekuwa shamba la mtu, au imekuwa mahali panaponunuliwa nyasi kwa mzigo. Kisha waja vijana ambao mwisho wa kiangazi huziwasha moto mbuga ili kuwinda panya, ambao ni kitoweo kinachopendwa sana katika mkoa wa kati, na moto hauchagui kati ya shimo la panya na nyasi ya mwezekaji.

Wakati huo huo akiba yenyewe ilikuwa ikihama mikononi mwa kaya na kuingia mikononi mwa dola. Bodi za mazao zilifuatana tangu zama za mkoloni. Mwaka 1962 ikaundwa bodi ya masoko ya wakulima, na mwaka 1971 likachukua nafasi yake shirika la ADMARC, ambalo mkulima alizoea kuliuzia mahindi wakati wa mavuno na kuyanunua tena wakati wa njaa. Makao makuu ya serikali yakahamishwa kutoka Zomba kuja Lilongwe mwaka 1975. Mwaka 1981 nchi ikaweka akiba rasmi ya nafaka, na Kanengo ikawa ndiyo nkhokwe ya Malawi nzima. Mwaka 1999 akiba hiyo ikakabidhiwa wakala wa kuisimamia. Haikupita miaka mitatu ila karibu akiba yote ilikuwa imekwisha kuuzwa, mavuno ya mwaka 2001 yakaharibiwa na mvua kubwa na mafuriko, na mwanzoni mwa mwaka 2002 watu wakafa kwa njaa katika wilaya zile zile zinazozunguka uwanda huu. Mabishano juu ya nani aliamuru na nani alishauri yalikuwa makubwa, wala si makusudio yangu kuyafufua. Nataka tu ionekane tofauti ya hesabu: nkhokwe ya mama wa Dowa ilipokuwa tupu, alijua tangu Novemba, kwa kuwa yeye mwenyewe aliliinua paa na kuchungulia.

Nkhokwe za vijijini nazo zilikuwa zimeanza kupungua kabla ya hapo, na sababu zake ni zaidi ya moja. Mdudu dumuzi, asili yake Amerika ya Kati, alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akaenea, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawa amevuka mpaka wa Malawi. Huyu hali mahindi peke yake, hutoboa hata mti na mwanzi, hata ghala lenyewe likawa kiota chake kutoka msimu hadi msimu. Mahindi ya mbegu za kisasa yalikuwa laini kuliko yale ya kienyeji yenye punje ngumu kama gumegume, basi hayakustahimili kukaa katika magunzi. Wizi ukaongezeka, na watu wakaona afadhali wapukuchue mahindi, wayatie dawa, wayafunge katika magunia, wayalaze chumbani wanamolala wenyewe. Siwalaumu. Mtu aliyeamka akakuta tenga lake limetobolewa usiku hana sababu ya kulitetea kwa ajili ya utamaduni.

Lakini lile ninalolisikitikia ni lingine, nalo ni aibu iliyotiwa juu ya nyasi. Nchini Rwanda, kwenye mwaka 2010 na 2011, palikuwa na kampeni ya serikali ya kuziondoa nyumba za nyasi, zilizojulikana kwa jina la nyakatsi. Nchini Malawi, tangu mwaka 2014, serikali ilianza mpango wa kuwasaidia maskini kwa bei nafuu ya malata na saruji. Mpango huo uliwapa wengi usingizi usio na matone, na kwa hilo ni wema. Ila ukiisha kumfundisha mtu kwamba nyasi juu ya kichwa chake ni alama ya ufukara, hutaweza kesho kumwambia kwamba mzee aliyemwezekea ni bingwa. Bati lina haki yake juu ya nyumba. Juu ya nafaka halina sifa zote linazopewa, kwa kuwa mchana huwaka joto na usiku hupoa ghafula, na hewa iliyo ndani hutoa jasho linalodondokea chakula, jambo ambalo nyasi hailifanyi.

Katika makazi ya Dzaleka, wilayani Dowa, habari hii ina upande wake wa pekee. Mahali hapo palikuwa gereza la kisiasa katika utawala wa Kamuzu Banda, na tangu mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi. Leo wanaishi hapo zaidi ya watu 50,000, katika eneo lililokusudiwa watu wapatao 10,000 au 12,000, wengi wao wakitoka Kongo ya mashariki, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kanisani na msikitini. Watu hawa hawakuja bila ya maarifa ya ghala. Warundi na Wanyarwanda wanakijua kigega chao, tenga la duara lililokaa juu ya mawe na kuvikwa paa la nyasi. Watu wa Fizi na Uvira, huko Kongo, wanayajua maghala yao. Nao wakipita katika vijiji vya Dowa huitambua nkhokwe bila ya kuelezwa. Na hata hivyo kambini hakuna nafasi ya kuisimamisha, kwa sababu ghala hutaka shamba, na mgao upokewao mwezi hadi mwezi haufiki kujaza hata robo ya tenga. Kuna watu wazima waliozaliwa Dzaleka ambao wamekula maisha yao yote bila ya kuona akiba ya mwaka mmoja imekaa mahali pamoja. Hasara hiyo haimo katika taarifa yoyote ya misaada, lakini mimi naihesabu kuwa ni hasara ya elimu.

Je, yawezekana kulirudisha paa la nyasi lililopotea, na likawa lile lile? Mfano mkubwa kuliko yote katika Afrika ya Mashariki uko Kampala, kwenye makaburi ya Kasubi. Jengo kuu, Muzibu Azaala Mpanga, lilijengwa mwaka 1882 kuwa jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza; alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na wafalme watatu waliomfuata, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Mutesa wa Pili, wakawekwa pamoja naye. Upana wake ni kama mita 31, na paa lake, lililoshuka karibu kufika ardhini, limebebwa na pete 52 za fito, kwa hesabu ya koo za Baganda. Kazi ya kuezeka ni amana ya ukoo wa Ngeye, na pambo la ndani ni la ukoo wa Ngo. Mwaka 2001 UNESCO ilipaingiza mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto ukaliteketeza jengo hilo.

Waliokusanyika asubuhi yake mbele ya majivu walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini jengo lilikuwa limeteketea, na kazi haikuwa imeteketea, kwani wezekaji wa Ngeye walikuwa hai. Hilo ndilo lililoamua. Ujenzi ulichukua zaidi ya miaka kumi, kwa sababu ya fedha, na mabishano, na haja ya kutengeneza njia za kuzima moto. Fito zilifungwa tena pete kwa pete, nyasi zikafungwa mzigo kwa mzigo, na vijana wakafundishwa na wazee wao, hata mwezi wa Septemba 2023 mahali hapo pakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wako watu wenye kujiuliza kama jengo hilo ni la kweli, ilhali hata kabla ya moto nguzo za zege zilikuwa zimeingizwa ndani yake katika matengenezo ya mwaka 1938. Kwangu mimi ukweli wake hauna shaka: limefanywa na wenye haki ya kulifanya, kwa nyasi zile zile, kwa mpango ule ule. Wajapani nao huhukumu hivyo hivyo. Huko Shirakawa, kijiji cha milimani kilichoingia katika urithi wa dunia mwaka 1995, mapaa makubwa ya nyasi hufanywa upya baada ya miongo kadhaa, na siku hiyo kijiji kizima hupanda juu ya nyumba ya mmoja wao, watu 100 au 200, kwa ada ya kusaidiana iliyo ya zamani kuliko nyumba zenyewe.

Lilongwe haina ukoo uliopewa amana ya kuezeka, wala haina kaburi la kifalme lenye kuvuta fedha za mataifa. Ina wazee waliotawanyika vijijini, kila mmoja akijua kazi aliyofundishwa na mjomba wake, na wengi wao sasa huitwa tu kuezeka hoteli za watalii kandoni mwa ziwa. Mtu akitaka kulitengeneza ghala la kale la uwanda huu, liwe ni nkhokwe iliyobaki uani au bani kubwa la shamba la walowezi, atawahitaji hao kabla hajamhitaji mhandisi, na hana budi kuifuata kazi kwa taratibu yake. Kwanza huezua, nyasi za zamani zikashushwa kwa mkono, zile za tabaka la chini ambazo zingali kavu zikawekwa kando, maana hutumika kujazia. Zilizooza hurudi shambani kuwa mbolea. Kisha mifupa ya paa hukaguliwa mti mmoja mmoja, kwa kugonga na kusikiliza, kwa kuwa fito iliyoliwa na dumuzi huonekana nzima kwa nje na kulia utupu kwa ndani. Hapo ndipo penye ijtihadi: fundi mwema haondoi ila kilichokufa, wala haongezi msumari mahali ambapo kamba ilitosha, kwa sababu kamba huliachia paa licheze na upepo, na msumari hulishikilia mpaka likapasuka. Nyasi mpya huanzia mchilizini, mashina yakielekea chini, tabaka la pili likilifunika la kwanza zaidi ya nusu yake, na hivyo hivyo kuzunguka na kupanda, huku aliye ndani akimrudishia kamba aliye nje, hata wakutane kileleni, ambapo fungu la mwisho hufungwa shingoni na kukunjwa kuwa kofia.

Kazi hiyo watu wanne wataimaliza kwa siku chache. Kitakachowachukua muda ni kutafuta nyasi. Ndiyo maana anayefikiri juu ya maghala haya yampasa aanze na ardhi: kipande cha mbuga kando ya kila kijiji, kilichokingwa na jembe kwa hiari ya wakuu wa mji na kilichozungushiwa njia ya kuzuia moto kabla ya Agosti, ambacho tsekera yake haikatwi mpaka ikomae. Nchi hii yajua kuweka mipaka ya namna hiyo, kwani katika uwanda mzima uliolimwa mpaka ukingoni, miti mirefu iliyosalia imesimama makaburini, na imesalia kwa sababu wazee walikataza shoka lisiingie humo. Kukataza moto usiingie katika ekari mbili za nyasi si jambo kubwa kuliko hilo. Lahitaji amri ya mkuu wa kijiji, na vijana wa kufyeka njia ya moto mara moja kwa mwaka, na mezani pa halmashauri ya Dowa au ya Lilongwe mtu mmoja mwenye kuandika nyasi katika hesabu ya mali za wilaya, pamoja na mahindi na tumbaku.